Tuta la Ukutani

Kinyozi hakuwa mtu wa udongo, na hilo alilisema mwenyewe bila kuona haya. Kazi yake ilikuwa kazi ya usafi: taulo jeupe, mkasi uliofutwa kwa spiriti, kioo kisicho na alama ya kidole, nywele za watu zinazofagiliwa kabla hazijafika mlangoni. Akirudi nyumbani jioni alipita bustanini kwa ncha za viatu, akaenda moja kwa moja kunawa. Bustani ilikuwa ya mkewe. Ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani, wala haikuwa kubwa. Hata hivyo kwa miaka thelathini na ushei ililisha nyumba hiyo na kumkuza binti yao mmoja mpaka akaolewa, na katika muda wote huo Kinyozi hakuwahi kung'oa hata karoti.

"Wewe mboga unazijua zikiwa kwenye sahani tu," mkewe alikuwa akimwambia. "Nikikutuma bustanini utaniletea maua ya jirani nikuungie."

Yeye alimwita mkewe Bibie. Mkewe alimwita Bwana Mkasi, hasa akiwa na jambo la kumsuta, na mambo ya kumsuta hayakuisha.

Bibie alipanda kila kitu isipokuwa vitunguu. Vitunguu alinunua sokoni, kikapu kizima kwa mara moja, na kila chungu alichokiinjika lazima kianze na kitunguu. Kwa hiyo mikono yake ilinuka vitunguu. Aliisugua kwa limau, kwa sabuni, kwa chumvi, harufu ikamng'ang'ania. Mwaka wa kwanza wa ndoa Kinyozi alilalamika kwamba amelala na genge la sokoni. Baadaye akazoea, na baadaye tena, bila kumwambia mtu, ikawa harufu ile isipokuwepo kwenye mto usingizi wake haukolei. Mchana Bibie akipita dukani kumletea chakula, aliingia kwa kunyata, akamziba macho kwa nyuma kwa viganja vyake viwili, akauliza, "Nani?"

"Na wewe bado unauliza?" Kinyozi alijibu, na wateja wakavunjika mbavu.

Mwaka huo baridi iliingia mapema, na Bibie akaanza kukohoa. Asubuhi moja Kinyozi alimkuta bustanini amevaa koti lake kuukuu la kiume, amechutama mbele ya tuta lililo chini ya ukuta, anasawazisha udongo kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto.

"Toka kwenye baridi hiyo, Bibie. Umepanda nini tena?"

"Nimesia mbegu. Hili tuta la ukutani uliangalie nikiwa hospitali. Jalidi ikianguka lifunike, na magugu yasilishinde."

"Mbegu za nini?"

Bibie akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Utaona mwenyewe zikiota. Siku moja na wewe uingie bustanini, Bwana Mkasi. Usife hujui."

Alikwenda hospitali akiwa amejifunga kilemba kama mtu anayekwenda sokoni, akaacha sufuria kwenye maji ili aje azisugue akirudi. Hakurudi.

Baada ya mazishi binti yake alitaka kumchukua. Alikuwa mwalimu, ana nyumba yenye chumba cha ziada na watoto wanaopenda kunyolewa na babu yao, na hoja zake zilikuwa na kichwa na miguu.

"Baba, utakaa hapa na nani? Baridi yote hii?"

"Mama yako kaniachia tuta," Kinyozi alisema. "Alichopanda sikijui. Acha kiote, nikione, nikile. Nikishakula, nitakuja."

Binti alitazama dirishani, akaona tuta tupu la udongo mweusi chini ya ukuta. Hakubishana naye, maana wiki ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana.

Basi mtu aliyekuwa akipita bustanini kwa ncha za viatu akaanza kupiga magoti. Kila jioni alilifunika tuta la ukutani, maana msimu ule jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya kila kitu, ilianguka karibu kila alfajiri. Bibie alitumia mashuka ya zamani kufunikia. Kinyozi hakujua yako wapi. Alifungua kabati, akachukua alichokutana nacho, na alichokutana nacho ni magauni ya marehemu. Akayatandaza tutani moja baada ya jingine, mapindo yake akayabana kati ya matofali yaliyopangwa kando ya ukuta bila kuyaondoa.

Asubuhi ya kwanza alipokwenda kuyafunua, roho ilimruka. Magauni yalikuwa yameganda. Alipolishika lile la kijani mabegani na kuliinua, halikuanguka. Lilisimama mbele yake, kifua kimevimba, mkono mmoja umejikunja kama wa mtu anayejishika kiuno, kimo kilekile cha Bibie. Kinyozi alibaki amelishika mabega. Kisha jua likapanda juu ya ukuta, gauni likalegea taratibu, likainamisha kifua, likamwangukia mikononi likiwa limelowa.

"Samahani, Bibie," alisema kwa sauti. "Nimekuamsha."

Tangu siku hiyo alisema naye kila asubuhi. Mtu mwingine angeona ni wazimu, na huenda angekuwa na haki.

Tuta lilikaa kimya muda mrefu. Kisha siku moja likatoa magugu. Yalikuwa vijani vyembamba, vya kijani hafifu, vimejipinda kichwani kama pini ya nywele, na kila kimoja kikijinyoosha kilikuwa unyasi mtupu. Kinyozi alikasirika kama aliyetukanwa. Hivi nyasi zije kunywa maji ya mbegu za mkewe? Alikaa chini akaving'oa kimoja kimoja, kwa vidole vya mtu aliyezoea kushika unywele mmoja na kuukata, hata mzizi hakuuacha. Alipomaliza tuta lilikuwa safi kama shingo ya mteja. Alinawa kwa sabuni mara mbili, mikono imekufa ganzi kwa baridi, akaenda kazini.

Mteja wake wa kwanza alikuwa karani mmoja mnene aliyekuja kunyoa ndevu. Kinyozi alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunika uso. Mvuke ulipopanda, harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya vitunguu, na ilikuja kwa nyuma na kwa karibu, kama viganja vinavyotaka kumziba macho.

Kinyozi aliinua macho akatazama kioo. Aliona taulo, tumbo la karani, kabati la mafuta, na uso wake mwenyewe uliotoka kijasho chembamba. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wembe ulimponyoka ukalia sakafuni.

"Vipi, Kinyozi?" karani alisema ndani ya taulo. "Leo unaninyoa au unanichinja?"

Jioni alijiambia ni majonzi, kwamba pua inakumbuka kama masikio yanavyokumbuka. Lakini siku chache baadaye vijani vingine viliota, akaving'oa, na dukani harufu ikaja tena, safari hii kali zaidi, ikakaa mpaka saa ya chakula. Aliipenda na akaiogopa. Kila ilipokuja aliacha anachofanya, akasimama wima, macho ameyafumba, akingoja kuulizwa swali.

Mlangoni pa duka lake alikaa Fundi Viatu, mzee mwenzake, mtu wa maneno mengi na misumari mdomoni. Asubuhi moja aliingia kuazima spiriti, akasimama katikati ya duka akinusanusa.

"Leo umekuja na jikoni mwako? Duka zima linanuka vitunguu."

Kinyozi alishika kiti. "Unasikia?"

"Nisikie mara ngapi? Macho yananiwasha."

"Kweli unasikia? Si mimi peke yangu?"

Fundi Viatu alimtazama usoni, akatoa misumari mdomoni, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa. "Ndugu yangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu," Kinyozi alisema. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka. Fundi Viatu alichukua spiriti akatoka bila mzaha wowote, na siku ile hakusema na mtu.

Kuanzia hapo Kinyozi hakuwa na shaka tena. Alikuwa ameshafanya hesabu ya mambo na kuona kwamba harufu haiji ovyo: siku alizopalilia tuta, Bibie alikuja dukani, na siku alizoliacha, hakuja. Ilimwingia akilini kabisa. Bibie alikuwa akipendezwa. Alimwachia kazi moja, naye anaifanya, na sasa Bibie anakuja kumwonyesha kwamba ameona. Basi Kinyozi akawa haachi unyasi ukajinyoosha. Kijani kikichomoza tu udongoni, hata kabla hakijafungua mgongo, vidole vyake viko juu yake. Magugu yale yaliota polepole kwa sababu ya baridi, chache leo, chache wiki ijayo, kwa hiyo kazi haikuisha, na Bibie akaja mara nyingi. Aliacha kwenda kwa binti yake Jumapili. Alipiga pasi shati. Sijui niseme nini juu ya mwanamume anayepiga pasi shati kwa ajili ya harufu, ila kwamba alikuwa na furaha, na kuitazama furaha ile kuliogofya.

Kisha katikati ya tuta kikatokea kitu. Kilikuwa na majani mapana, mawili kwanza, halafu manne, yenye vinyweleo na mishipa myekundu. Kinyozi alipiga kigelegele kama mwanamke. Kumbe hiki ndicho! Alikizungushia vijiti, akakimwagilia maji vuguvugu asubuhi, akakipa gauni zuri kuliko yote, lile la harusi ya binti yao. Binti alipokuja kumtazama, alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba.

"Ona alichopanda mama yako."

Binti aliinama. Yeye naye alikulia mezani tu, bustani aliijua kwa kuikimbilia kuchuma limau. "Ni kizuri, Baba. Ni nini?"

"Bado hakijasema. Kikikomaa nitakipika mwenyewe."

"Halafu utakuja kwetu?"

Kinyozi alirekebisha kijiti kimoja cha uzio. Binti alimtazama, akayatazama magauni ya mama yake yaliyoanikwa kambani yakichuruzika maji, na lile la kijani lililoganda likigongagonga ukuta kwa upepo. Akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni.

"Baba, unasema na nani asubuhi? Jirani wa mbele kaniambia."

"Na mama yako."

"Anajibu?"

"Anakuja dukani," Kinyozi alisema kwa upole, kana kwamba anamwambia saa ngapi. "Muulize Fundi Viatu." Binti alilia njia nzima mpaka kituo cha basi.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Mama Kuku, mjane aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kuku wake, ambao waliishi humo ndani kama wapangaji. Bibie na yeye walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, wakipeana vitu juu ya ukuta: mayai, miche, umbea. Lakini kabla Bibie hajazidiwa, Mama Kuku aliitwa mji wa mbali kumlea binti yake aliyejifungua vibaya, na habari za msiba zilimkuta huko, hana namna ya kuondoka. Alirudi baridi ikiwa inaelekea mwisho. Aliingia kwake, akatua mizigo, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa pale pale alipozoea, ili atazame bustani ya shoga yake ndipo aende kutoa pole.

Ilikuwa asubuhi. Kinyozi alikuwa amepiga magoti, ngumi imejaa majani mabichi.

"Acha!" Mama Kuku alipiga ukelele. "Acha hapo hapo! Unafanya nini, shemeji?"

"Karibu, shemeji," Kinyozi alisema huku ameshtuka. "Napalilia."

Mwanamke alizunguka mbio kwa mlango wa mbele, kiatu kiko mguu mmoja, akaja akasimama juu ya tuta. Alilitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa safi, laini, jeusi, halina hata kijiti, isipokuwa lile jani pana lililokaa katikati ndani ya uzio wake kama bwana harusi. Pembeni, chini ya kamba ya nguo, ilikuwa chungu ya vijani vilivyokauka, mavuno ya msimu mzima.

"Viko wapi vitunguu?" aliuliza.

"Vitunguu gani?"

"Vitunguu vyetu! Mbegu nilimpa mimi mwenyewe, hapa, juu ya ukuta huu. Alisema, 'Mume wangu hali bila kitunguu na mimi kila siku nanunua, safari hii nataka ale cha mkono wangu.' Hili si tuta la kukuzia, shemeji, ni kitalu. Vingeota humu, tungevihamishia kule." Alinyoosha kidole kwenye lile jani pana. "Na hili gugu la jalalani umelifuga la nini?"

Kinyozi aliitazama ngumi yake. Kisha akasema, kama mtoto anayejitetea, "Hakikuota kitu kingine. Ni nyasi tu. Aliniambia magugu yasilishinde."

Mama Kuku alimtazama, na hasira zote zikamwisha. Alichutama, akaishika ile ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja. Alichukua kijani kimoja kutoka kiganjani, akakifikicha kati ya vidole, akakiweka chini ya pua ya mzee.

"Nusa."

Na Bibie akaja. Alikuja mzima mzima, kwa nyuma na kwa karibu, na viganja vyake viwili. Kinyozi alifumba macho akangoja swali. Alipoyafumbua aliona vidole vya Mama Kuku, na mkono wake mwenyewe, na weupe wa mizizi midogo iliyobanwa kwenye mistari ya kiganja. Akauleta mkono ule puani, akanusa. Akanusa wa pili. Asubuhi zote zile, maji yote yale ya moto, mataulo yote yale! Alikuwa akimng'oa mkewe nyumbani na kumpeleka dukani chini ya kucha zake.

"Nilidhani anapendezwa," alisema. Mama Kuku hakuelewa, lakini hakuhitaji kuelewa, akamshika bega wakalia pamoja, mmoja akimlilia mkewe na mwingine akimlilia shoga yake, ambaye hakuwahi kumzika.

Walipomaliza kulia, Mama Kuku, ambaye hakuumbwa kukaa bure, alianza kuondoa matofali kando ya ukuta ili alivunje tuta. Aliinua la kwanza, la pili, akasita.

"Njoo uone, shemeji."

Nyuma ya matofali, kwenye upenyo kati yake na ukuta ambako vidole vya Kinyozi havikupita, vilikuwa vimesimama vitunguu vichache, vyembamba, vimepauka kwa kukosa jua, vimeegemea ukuta. Upepo ulipoingia vikatikisika. Kipande cha pindo la gauni la kijani kilikuwa kimechanika na kunasa juu yake, ndicho kilichovikinga na jalidi.

"Hawa wataishi," Mama Kuku alisema, akiwaita kama watu. "Ila wasiguswe. Ngoja nikalete mbolea ya kuku, na wewe ukae hapa uwazuie ndege. Joto likirudi tutawahamisha, na joto likikolea utakula."

"Muda wote huo?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Aliondoka. Kinyozi alibaki amepiga magoti mbele ya vitunguu vile. Jua lilikuwa limepanda, harufu mikononi mwake inapungua, na alijua kwamba ikiisha hii hakuna nyingine. Bustani ilikuwa kimya. Gauni la kijani lilisimama kambani, limempa kisogo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijua hasa mkewe yuko wapi, na alijua la kufanya ili aje. Kimoja tu kingetosha, tena kile chembamba pembeni, ambacho pengine hakingeishi hata hivyo. Mkono wake ulikwenda. Vidole vilikishika kijani chini kabisa, vikakaa hapo.

"Bibie," alisema, "usiniulize."

Akaachia. Akaiweka mikono yote miwili kwapani, akaibana, akakaa hivyo mpaka Mama Kuku aliporudi na ndoo yake akamkuta amepigwa na baridi, meno yanagongana.

Siku ile hakufungua duka. Jioni alimpelekea binti yake ujumbe kwamba alichopanda mama yake amekijua, ni vitunguu, na kwamba vikikomaa aje na watoto ili wavile wote pamoja, halafu wataongea habari ya kuhama. Magauni aliyafua, akayakunja, akayarudisha kabatini, ila lile la kijani, ambalo bado lilikuwa na kazi.

Asubuhi iliyofuata alifika kazini na shati ambalo halikupigwa pasi. Alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, mvuke ukapanda, ukanukia sabuni. Fundi Viatu alichungulia mlangoni, akanusa, akanusa tena. Tangu binti alipopita kumuuliza kama mama yake huja dukani, alikuwa akitafuta namna ya kuuliza, na safari hii aliitoa misumari mdomoni kabla ya kusema.

"Leo sisikii kitu, ndugu yangu. Hakuja?"

"Hakuja," Kinyozi alisema. "Nimemwacha bustanini."

Akatandaza taulo jeupe juu ya kiti, akamwita mteja wa kwanza.